Alivyonisoma Phineas

Dada Maximilla,

Huku Pioneer mvua imeshika na matope yamefika mlangoni. Nabwire ameota meno, anatuuma sote.

Jumamosi nilienda kumtazama mume wangu akicheza poka, kamari ya karata, ile kazi yake inayosemwa vibaya kanisani. Dada, nilishangaa! Phineas alikuwa ameshika wafalme watatu, karata ambazo mtu hakubali kuziachia, na akazitupa bila kukunja uso. Mwenzake akafunua karata kubwa zaidi.

"Ulijuaje?" nikamuuliza tukitoka.

"Alitulia mno. Mtu akificha jambo kubwa, mwili hutulia hivyo."

Kisha akasimama kando ya barabara, akaniangalia. "Na wewe umetulia wiki nzima tangu utoke hospitali, Mama Nabwire. Daktari alisema nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikamweleza palepale kuhusu uvimbe kwenye titi, boda boda zikitupita. Akafunika uso kwa kofia yake, akalia.

Mashindano ya poka ya Nairobi aliyokuwa aende ameyaacha. Alhamisi ananipeleka kupasuliwa. Njoo ukae na mtoto, dada. Bado naogopa, lakini si peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Lynette