Wiki Moja ya Kila Mwaka

Xiaobei,
Guangzhou.
12 Aprili 2026.

Mpendwa dada yangu Bimkubwa,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na mguu je, umeacha kuvimba? Mwanangu Zulekha hajambo? Natumai kikohozi kimemwacha. Sisi huku, mimi na Othman, wazima, alhamdulillahi. Mvua haikatiki na nguo hazikauki.

Kazi ipo. Jana nimeshinda soko la Zhanxi natafuta viatu vya watoto, leo nipo ofisini, jengo la Tianxiu, namngoja wakala wa mizigo. Nikikwambia nimechoka nitakuwa naongopa. Sijachoka, sisikii kitu tu.

Sasa nikupe habari ya shemeji yako. Nje ya mji kuna hoteli ndani ya bustani ya michezo, yenye mabembea makubwa na maji ya kuteleza, na wanauza wiki. Nyumba huimiliki. Unamiliki wiki moja ya kila mwaka, ileile, kwa miaka thelathini. Othman kachagua wiki iliyoangukia Idi mwaka huu. Anasema kila Idi utatuletea Zulekha, tukae naye, na wewe upumzike.

Jumapili iliyopita tulikwenda kuangalia. Uzuri wake siufichi. Pana vyumba viwili na jiko, ningepika biriani yangu bila kuuliza nyama kachinja nani. Mtoto akifungua dirisha anaona mabembea. Hakuna wateja, hakuna simu za mizigo, Othman angelala mchana kama watu. Na mtoto wetu tungemwona, jambo ambalo halikuwa mwaka huu wala mwaka jana.

Ubaya nao upo. Ukishatia saini hujitoi. Ada ya usafi unalipa hata chumba kikikaa kitupu, na viza ya mtoto ikichelewa, basi tena, wiki imekwenda.

Nikamuuliza yule msichana muuzaji kama wiki yetu itasogea na Idi. Akacheka kwa upole, akasema hata mwaka mpya wao wa Kichina husogea, kisha hurudi, nisiwe na wasiwasi. Othman akaitikia kwa kichwa, mtu aliyeanza kufunga Ramadhani tangu mdogo. Ya kwao hurudi, yetu haina kurudi, inazunguka mwaka mzima. Mwakani tu Idi ingetupita kabla hatujafungua mlango wa hoteli. Nilipomkumbusha akasema haidhuru, muhimu mtoto.

Msichana akauliza mtoto ana miaka mingapi. Nikasema saba. Akafurahi, akatueleza kuwa mkataba ukimalizika utamkuta mtu mzima, mwenye watoto wake. Mimi kalamu nilikwisha kuishika. Nikajiona napanga kumwona mwanangu wiki moja kwa mwaka mpaka aolewe, na dada, sikuumia. Hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaiweka kalamu mezani nikamwambia Othman, "Mimi sitii saini. Nakwenda nyumbani."

Akaita teksi, tukarudi Xiaobei. Akasema ofisi ataishika mwenyewe. Hakukasirika, nadhani naye hasikii kitu.

Nimekata tiketi ya mwezi ujao, ya kwenda bila kurudi. Najua Zulekha anakuita wewe mama, na mimi ananiita mama wa kwenye simu. Sitaki umkataze. Muulize tu, siku unamsuka nywele, kama angependa nije kukaa. Akisema hapendi, usinifiche. Nitakuja vilevile.

Nisalimie Mzee Vuai, na Safia umwambie hongera ya mtoto. Mungu akuafu mguu wako, na akulipe kwa asubuhi zote ulizomwamsha mwanangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Swalha