Siku Tuliyoanua Nguo Ili Shule Ijengwe

Ijumaa. Ruiru imeamka na baridi na manyunyu yale yasiyojua kama ni mvua au ni umande. Saluni sijafungua. Wateja watanisamehe, na asiyenisamehe aende akasukwe Juja.

Leo kaunti imepitisha shule yetu.

Acha niandike tena kwa sababu bado siamini. Kile kiwanja kilicho nyuma ya ploti zetu za kupanga, ng'ambo ya barabara ukitazama Membley, kitajengwa shule ya upili ya umma. Ya kutwa. Mtoto atatoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, mama amwone.

Kuna watu ambao kwao hilo ni jambo dogo. Kwangu si dogo. Kijana wangu mkubwa nilimpeleka bweni mbali kwa sababu shule za karibu zilikuwa zimejaa hadi mlangoni, na sasa akija likizo ni kama mgeni. Anaomba ruhusa ya kufungua friji! Sitaki kumjua binti yangu Shiru kwa likizo pia. Yuko gredi ya tano, na kila nilipokitazama kiwanja kile nilijiuliza kama kitakuwepo akifika umri wa kukihitaji.

Maana kiwanja cha umma huku kwetu hakina maisha marefu. Kinalala kikiwa wazi, kinaamka kimezungushiwa mabati na mlinzi usiyemjua.

Hiki kimepona kwa sababu ya nguo. Nacheka nikiandika, lakini huo ndio ukweli.

Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Brayo, ni mtu wa Bungoma na anashona katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini. Mdomo wake hauna breki. Atagombana nawe asubuhi kuhusu maji uliyomwaga kwenye ngazi, na jioni akuletee mboga ya mrenda kwa sufuria yake mwenyewe. Ploti zetu hazina pa kuanika, na caretaker hufunga mlango wa kutokea paani kana kwamba kule kuna dhahabu. Basi Mama Brayo akachimbia miti miwili kiwanjani, akafunga kamba, nasi tukamfuata.

Siku moja bwana fulani akatuma lori la nguzo kuja kuzungushia ua. Mama Brayo hakumpigia mkubwa yeyote simu. Alipita mlango kwa mlango akituambia tulete chochote kilichokuwa kwenye beseni, na nguo za ndani ziwe mbele, upande wa barabara.

Ngai, tulianika!

Watu wa mjengo walishuka kwenye lori wakasimama tu. Mwanamume wa huku atabomoa ukuta na kung'oa mti, lakini ashike chupi ya mke wa mtu mchana kweupe, watu wakitazama? Nyapara aliwaambia waanue, wakamwambia aanue yeye. Lori likageuka. Tangu siku hiyo tukawa tunaanika kwa zamu, hata siku za mawingu, hata nguo ambazo hazikuwa chafu. Nina blanketi lililopauka kwa ajili ya elimu ya nchi hii.

Na huku sisi tukianika, Mama Brayo alikuwa akitumia siku zake za off kwenda ofisi ya kaunti kule Thika kuulizia ombi la shule tulilokuwa tumeandika. Anaambiwa aje wiki nyingine, anaenda wiki nyingine. Brayo alishamaliza shule kitambo, naye hana mtoto mwingine. Hilo nililijua siku zote, ila leo ndipo limenigusa.

Leo asubuhi maofisa wa kaunti wamekuja kukagua kiwanja mara ya mwisho kabla ya kutia sahihi. Aliyewaongoza ni dada mmoja wa idara ya mipango, mpole, amevaa gambuti. Alizitazama kamba zetu kwa muda mrefu.

"Madam, kiwanja inafaa ikuwe clear. Hizi vitu zikiwa hapa, mimi siwezi sign."

"Wewe sign kwanza," Mama Brayo akamjibu, "ndio tutoe."

Wote wawili walikuwa na haki. Tukianua naye aondoke bila kutia sahihi, nguzo zinaweza kurudi jioni hiyohiyo. Tukikataa, shule itapelekwa wadi nyingine. Mimi nilikuwa tayari kupiga kelele. Huwa ndilo jibu langu la kwanza kwa kila kitu.

Mama Brayo alizikagua kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Tuanue."

Nilidhani amekata tamaa. Tulianua polepole kama watu walio matangani, tukang'oa na miti. Kiwanja kikabaki kitupu, nyasi na visiki vya kahawa ya zamani tu. Hapo Mama Brayo akatandika leso yake ya kiunoni kwenye nyasi zenye maji, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mimi si nguo," akamwambia yule dada. "Kiwanja ni clear. Tembea upime, sisi tuko tu, tunakungojea umalize."

Tukaketi wote. Na mimi nikaketi, na sketi yangu mpya.

Yule dada alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akazunguka mipaka yote, akarudi, akatia sahihi juu ya boneti ya gari na kutusomea kwa sauti kwamba shule imepitishwa. Wamama wa Kikuyu wakaanza ngemi, vigelegele vyao vya kuhesabu, kisha wakakwama. Mtoto wa kiume anapigiwa tano, wa kike tatu, sasa shule ni ngapi? Wakiwa bado wanabishana, Mama Brayo akapiga vigelegele vya kwao Bungoma, ambavyo havina hesabu.

Nampenda mwanamke huyu. Nimeshindwa kumwambia, nimemwambia tu leso yake imelowa.

Najua kupitishwa si kujengwa. Kuna mengi kati ya sahihi na darasa, na tutalazimika kuendelea kuketi pale kwa zamu hadi mkandarasi aje. Zamu ya kesho nimeichukua mimi.

Shiru alipotoka shule nilimpa habari. Akauliza kama akiwa high school atakuwa akija nyumbani lunch. Mimi, kila mtoto wangu akiniuliza jambo la mbele, jibu langu ni "tutaona". Hivyo ndivyo nilivyolelewa, usimwahidi mtoto usichokishika mkononi.

Nikamwambia ndiyo.

Akanitazama kama hajasikia vizuri, akauliza tena. Nikamwambia tena ndiyo.