Foni Mbili za Baraka

Mujukuu wangu Asifiwe,

Salamu zikukute muzima huko Lubumbashi. Hapa mujini Baraka mama yako amepona mugongo, na mihogo ya shamba letu la Lweba tumeanza kung'oa.

Unaniuliza iko ubaya gani makampuni mawili ya kebo ya televisheni yakiungana, kama waya ni zile zile. Mimi kebo siijui. Najua foni.

Wakati wa vita, mudogo wangu Neema alikuwa kambini Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Tulisemezana kwa foni, ile redio ya antena ndefu. Sokoni kulikuwa nyumba mbili za foni, zinatazamana. Eh, tulihesabiwa kuwa batu! Ukipita, huyu anakuita, "Mama, karibu, kiti iko hapa," yule anakuletea maji. Mimi na Neema tulisalimiana mupaka tukafika kwa kuku za jirani, na hakuna aliyetuharakisha.

Kisha benye foni bakaungana, bakanunua mashine moja ya nguvu. Tulishangilia. Na kweli, sauti ilikuwa safi. Lakini viti vilipotea, tukapanga mustari juani. Ukianza kusalimia, mwenye foni anasema, "Mama, acha salamu. Sema neno." Ungekwenda wapi?

Mara ya mwisho kusikia sauti yake, Neema aliniambia banabahamisha kambi. Hilo nililisikia vizuri. Akaanza, "Dada, na ule mbuzi wetu..." Benye foni bakakata.

Habari ya kambi ilifika. Mbuzi alikuwa amezaa mapacha, na sikumwambia.

Ukiniandikia tena, uniulize hata habari za kuku.

Koko wako