Nani Anakohoa Humo Ndani?

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Yale mafua uliyokuja nayo likizo yalipona? Sisi wazima kiasi, ila Kibonge ananitoa roho. Mwezi wa pili huu anakohoa, jioni anachemka, na nguo za mwaka jana zinampwaya, mtoto wa miaka miwili! Zahanati wamenipa dawa ya maji ya kikohozi mara tatu. Juzi nikawaka, nikawaambia mpimeni TB. Muuguzi akanipa kikopo: "Mama, atoe makohozi." Kibonge akatema mate, akacheka, akataka kukinywea maji. Majibu: hana TB. Wewe unayekaa na darubini kutwa, niambie, hawa wana akili timamu?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Hao wamenipandisha hasira! Mate ni mate tu. Mtoto mdogo hatemi makohozi, anayameza. Nenda hospitali kubwa alfajiri, kabla hajala, wapitishe mpira mwembamba puani wavute kilichomo tumboni. Wampige na picha ya kifua. Hata hivyo vijidudu vya mtoto ni vichache, kipimo kinaweza kusema hana na kumbe anavyo. Ndiyo maana daktari atakuuliza: nani anakohoa humo ndani? Akimpata huyo, anaweza kumwanzishia mtoto dawa. Mchunguze mama mkwe wako, kile kikohozi chake sikipendi.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za huko sijui, za huku mbaya. Mpira umepita, mtoto kalia mpaka sauti ikakauka, majibu hana. Picha eti haieleweki. Daktari kauliza nani anakohoa, nikamtaja mama mkwe. Bibi wa watu kapimwa mara mbili, yuko safi, ni moshi wa kuni tu. Kafunga virago, anasema nimemfanya mchawi wa mjukuu wake. Mume wangu hanisemeshi. Daktari anasema tusubiri tuone. Tusubiri nini, jeneza? Kibonge amebaki ngozi na mifupa. Nimewapanga wote kichwani, hakuna aliyelala kwangu tangu Desemba ila wewe. Yale yalikuwa mafua kweli? Nijibu upesi.

Mdogo wako

12 Aprili

Dada,

Siku kumi. Nimeuliza swali moja tu.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Hayakuwa mafua. Wiki moja baada ya kutoka kwako nilianza dawa za TB. Kazini nimesema nina vidonda vya tumbo. Mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kuvaa barakoa, wangenicheka mpaka nistaafu. Nilidhani kipimo kitamwona mtoto bila mimi kutajwa. Na mama mkwe nilimsingizia, nakiri. Mpelekee daktari barua hii leo hii. Sasa siambukizi tena, nimepimwa. Niruhusu nije nikusaidie kumuuguza. Nisamehe, mdogo wangu.

Dada yako

30 Mei

Salamu sina.

Barua yako niliifikisha siku ileile. Daktari hakumaliza hata kuisoma, akaandika dawa. Hakupitisha mpira wala hakupiga picha. Yaani mtoto wangu kachokonolewa pua akitafutwa mgonjwa, na mgonjwa umekaa huko unaniandikia jinsi ya kumtafuta! Ulijua, ukaniangalia. Mshenzi mkubwa we.

Kibonge ameongeza kilo moja na nusu. Jana kamaliza sahani, akaomba tena, nikakimbilia jikoni kulia.

Kwa mama mkwe nilikwenda siku tatu mfululizo nikikaa mlangoni. Siku ya tatu akanifungulia, akasema, "Ingia, jua kali." Barua yako nilimsomea yote, pamoja na pale ulipomsingizia. Akauliza kama wewe umeshapona.

Nimwambie nini? Umepona. Daktari naye kasema huambukizi. Usije.

Mama Kibonge