Sentensi Uliyomnyooshea Baba

Kaka Njeru,

Wengine huanza barua kwa neno mpendwa. Nimelijaribu mdomoni likanikataa, basi jina lako litatosha. Naandika Kiswahili makusudi, ingawa najua utaisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Na nitamsomea yeyote hapa Kanja anayetaka kuisikia, kwa hiyo usijisumbue kuificha.

Unakumbuka jikoni kwetu, kabla serikali haijatuswaga kwenye kijiji hiki kilichozungukwa na handaki? Ulikuwa ukirudi likizo kutoka shule ya misheni, soksi zimepanda hadi magotini, unakalia kigoda cha baba bila kuulizwa. Mama akishapakua githeri, hakuna aliyekula kabla ya kutamka sentensi moja ya Kizungu, wewe uipime. "Goat is eat the maize," nilisema mimi. "Kosa," ukasema, ukanirudisha nyuma mpaka chakula kikapoa.

"Wewe Njeru," mama alikuuliza, "hii Kizungu yako ndio itatulimia shamba?"

Ukacheka kwa pua. Kicheko hicho ninacho masikioni mpaka leo.

Baba ndiye uliyefurahia kumwumbua kuliko wote. Kizungu chake alikiokota jikoni kwa wazungu wa misheni, alikopika miaka mingi, nacho hakikuwa na kichwa wala miguu. "Me cook good soup yesterday tomorrow," alisema, makusudi nadhani, kisha akaweka sahani chini akingoja hukumu huku macho yanacheka. Ulimsahihisha kama anayemfuta kamasi mtoto wa jirani. Mjinga wewe, Kizungu hicho cha supu ndicho kilichokulipia karo. Na yeye akajivuna! Alitwambia tusikilize vizuri, maana siku moja utasema na wakubwa kwa niaba yetu.

Siku hiyo ilifika. Ulikuwa umeshakuwa karani na mkalimani wa bwana DO, yule mzungu mkubwa wa wilaya. Homgadi, wale walinzi wa serikali, walitutoa vibandani alfajiri, wakatupanga uwanjani, na mtu aliyefunikwa gunia, msaliti aliyeletwa kututambulisha, akaitikia kwa kichwa mbele ya baba. Hiyo ilitosha kuthibitisha kwamba baba amewapelekea wapiganaji chakula msituni. Walimpiga mdomoni hata kabla ya swali la kwanza. Mama na mimi tuliketishwa chini pamoja na wanawake, karibu na meza yenu, nikawa nasikia kalamu yako ikikwaruza.

Baba hakungoja mkalimani. Alikuona, akatabasamu na damu kwenye meno, akasema, "This one my boy. He know me. Me no go forest." Huyu kijana wangu, ananijua, sikwenda msituni. Mzungu hakuelewa kitu, midomo ya baba ilikuwa imevimba. Akakugeukia wewe, akakuuliza mzee anasema nini. Sote tulijua mambo yalivyokuwa: mtu akidhaminiwa na ndugu aliye kazini serikalini, alirudi nyumbani. Ulitakiwa kusema tu kwamba huyu ni baba yako.

Ukasimama wima, ukamnyooshea baba sentensi yake. Kwa Kizungu cha vitabuni ukamwambia bwana kwamba mzee huyu anasema hajawahi kufika msituni.

Nilikuwa mwanafunzi wako, Njeru. Niliipima palepale. Haikuwa na kosa lolote, ila kijana wa baba hakuwemo. Bwana akapunga mkono, wakampakia baba kwenye lori, nawe ukaketi ukachovya kalamu. Uliogopa, najua, mimi nilijikojolea. Kwa woga nisingekudharau. Nakudharau kwa uzuri wa ile sentensi, kwamba roho ya baba ikiwa mikononi mwako ulipata utulivu wa kuchagua maneno.

Kambi ya kizuizini ilimrudisha baba akiwa mifupa na kikohozi. Na unajua alichowaambia waliokuja kumwona? "Njeru alinitetea na Kizungu safi kabisa. Ni vile yule mzungu alikuwa na roho mbaya." Mama alinitazama, nami nikatazama moto. Amekufa akikusifu. Hata yeye ananiudhi kwa hilo, maskini, na namlilia kila nikiinjika chungu.

Hukuja kumzika. Ulituma neno kwamba hukupata pasi ya kusafiri, wewe ambaye kazi yako siku hizi huko Nairobi ni kuzigonga mhuri! Badala yako ikaja karatasi yenye maneno ya kuandikwa msalabani: "In loving memory of our dear father," yaani kumbukumbu ya baba yetu mpendwa. Nimeipima hiyo nayo. Sahihi kabisa. Sasa ndipo umempata baba, maana maiti haihitaji mdhamini.

Karatasi yako niliwashia moto. Fundi alipokwisha kumimina saruji ya msalaba, nilimwomba msumari, nikaandika mwenyewe ikiwa bado mbichi, vilevile baba alivyosema mbele yako: "This one my boy. He know me."

Siku utakayojipigia mhuri, njoo usimame pale usome. Usije na kalamu. Saruji imeshakauka.

Kaa na Kizungu chako,

Dada yako,
binti wa mpishi.