Kalamu ya Marehemu Kibandani

Jumamosi, 1 Machi
Semina ya makarani wa uchaguzi imekwisha. Mimi nimepewa kibanda cha kupigia kura: kuhakikisha kalamu ipo, imefungwa kamba, inaandika. Msimamizi anasema ni kazi nyepesi. Sawa. Angalau Jumatatu nitakuwa na watu. Nyumbani naongea na redio tu.

Jumatatu, 3 Machi
Tuliletewa kalamu kumi. Kufika saa tatu, nane zimekauka na mbili zinakwaruza tu. Watu wakazisugua viganjani, wakazipulizia. Bibi mmoja akanirudishia yake: "Mwanangu, hii kalamu au kijiti?" Foleni ikacheka. Nami nikacheka — sikumbuki lini mara ya mwisho.

Msimamizi alipiga simu, akaambiwa asubiri. Wapiga kura wawili wakakata tamaa, wakaondoka. Basi nikatoa kalamu ya marehemu mume wangu, ile ya kujaza wino, hii ninayoandikia. Nikaifunga kamba. Foleni ikasogea. Kila mtu nikamkumbusha: kunja karatasi mara moja, katikati, sawasawa.

"Dada, leo wewe ndiye serikali," akasema askari wa mlangoni.

Kalamu mpya zilikuja saa sita. Nimechoka vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Matokeo ya udiwani yamebandikwa. Wagombea walikuwa wawili: mkandarasi kamshinda mwalimu kwa kura kumi na tisa. Zilizoharibika ni hamsini na mbili — jana wakati wa kuhesabu tulishangaa. Nyingi zina alama nzito juu, kwa mwalimu, na nyingine hafifu chini, kwa mkandarasi. Msimamizi akasema alama mbili ni alama mbili.

Dukani wanacheka: watu wa mwalimu walitaka kuoa wake wawili kwa karatasi moja. Yule bibi alikuwepo. Alinunua chumvi, akaondoka.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua daftari hili. Maneno ya Jumatatu yamejipiga chapa kwenye ukurasa wa mkabala, hafifu, yamegeuka nyuma mbele. Nililifunga wino ukiwa mbichi.

Nimekata karatasi. Nikaweka alama juu, nikakunja katikati. Nikakunjua. Alama mbili.

Nimerudia mara tatu. Hakuna wa kumwonyesha. Nilimpigia dada yangu. Akasema yuko kazini, atanipigia. Hajapiga.

Alhamisi, 6 Machi
Mwisho wa kupeleka malalamiko ni kesho. Kalamu ya nje hairuhusiwi, tuliambiwa kwenye semina. Askari kanipungia mkono barabarani, kaniita serikali. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi. Kwenye mkoba nina vile vikaratasi vinne. Mwalimu kaja, kakaa karibu yangu. Ameshika fomu ya kukubali matokeo. Anasema hawezi kubishana na hesabu, yeye mwenyewe anaifundisha.

Kalamu yake haiandiki. Ameipulizia, ameisugua kiganjani.

"Samahani dada, ukimaliza hapo, niazime."

Mkono ameshaunyoosha. Nami bado naandika —