Kiti cha Mtu Mmoja

Leo unatimia mwaka mmoja, mume wangu Mzee Nati, tangu uniage mlangoni ukaenda kazini na usirudi. Ulisema, "Mama, natoka." Mimi nikajibu "haya," basi, bila kuinua macho kwenye cherehani. Kabla ya chai ya saa nne wakapiga simu kwamba umeanguka boharini, kati ya rafu mbili ulizozipanga mwenyewe.

Watoto wanataka niandike katika kumbukumbu hii kwamba ulikuwa mpole na mchapakazi. Ulikuwa. Toroli la jirani likigoma, baiskeli ya mwalimu ikikatika cheni, wote walijua pa kwenda, na hakuna aliyeondoka bila kucheka. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuita Mzee Nati.

Ulikuwa mtunza bohari hata nyumbani. Kila kopo la jikoni ulilibandika karatasi: SUKARI, CHUMVI, na lile jingine, MAHARAGE (YANA MAWE KIDOGO). Hilo bado lipo. Mawe yaliisha zamani, lakini karatasi siitoi. Na ile sukari ndiyo uliyokuwa ukichota kwa siri, uichanganye na sabuni kutoa grisi mikononi. Nikikunasa unasema, "Siibi, naazima."

Miaka sita ulijifungia chumba cha nyuma na ile pikipiki kuukuu uliyoitoa nyuma ya karakana, kutu tupu, kuku wametagia chini ya injini. Uliipiga msasa mpaka vidole vikatoka magamba. Tangi ulilipaka rangi ya kijani mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza mbu alinasa kwenye rangi mbichi na wewe hukuweza kulala ukimfikiria. Kila nati iliyofunguliwa ilikuwa na kopo lake na maandishi yake. Kopo moja uliliandika WASIO NA KWAO.

Tulipenda kukusikia ukipiga mluzi humo ndani. Lakini niseme ukweli, maana nisiposema leo sitasema tena: nilikuwa mpweke ukiwa hai. Nakuita mezani, unasema "nakuja," chakula kinapoa. Ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu na nilikuwa nakukosa.

Wiki ile ya mwisho fundi wa viti alileta kiti cha pikipiki. Nikakitazama. Kifupi, cha mtu mmoja. Nikakuuliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Ukacheka: "Wewe tulia, utaona." Sikuona cha kuchekesha. Miaka sita nagawana mume na chuma, halafu hata pa kukaa nisiachiwe! Nikanuna. Siku nne mfululizo chai yako niliiweka sakafuni, nje ya mlango wa chumba cha nyuma, nikagonga mara moja na kuondoka. Siku ya tano ndiyo uliyoniaga.

Ulikufa nikiwa nimekununia. Hata watoto hawakulijua hili. Sasa wamelisoma.

Msibani dada yako alitaka wageni wapate pa kukaa, akasafisha chumba cha nyuma. Nati za makopo yako yote alizimwaga kwenye beseni moja, akayasugua makopo, maandishi yakatoka, akayapanga juani yametakata. Alifanya kwa mapenzi, wifi yangu huyu. Nilikuwa sijalia kwa sauti mpaka nilipoliona lile beseni.

Niliapa kuiuza pikipiki. Ila vipande havina mnunuzi, kwa hiyo rafiki yako mchomeleaji, Fundi Cheche, akawa anakuja kila Jumamosi. Miezi minane tumekaa chini, beseni katikati, tukijaribu nati moja moja kama watu wanaochambua mchele. Alinifundisha kushika spana. Nikamfundisha kunyamaza, maana anaongea mno.

Siku tuliyomaliza, akapanda kujaribu. Unajua yeye ni mrefu kama wewe. Magoti yakapanda mpaka kifuani, viwiko vikakwama tumboni.

"Shemeji," akasema, "hapa marehemu aliteleza. Kiti amekishusha, usukani ameurudisha nyuma. Kwa miguu ile yake angekaaje?"

"Alikuwa hakosei vipimo," nikasema.

"Basi hiki si kipimo chake. Hebu panda wewe."

Nikapanda. Nyayo zote mbili zikakaa chini, bapa. Mikono ikafika bila mimi kuinama.

Hapo ndipo nikakumbuka. Mwaka mmoja kabla hujatutoka ulichukua tepu yangu ya kushonea ukanipima nikiwa napiga pasi. Nikauliza ni ya nini, ukasema unataka kuona kama nimefupika. Ulipima mguu, kisha ukaniambia nikunje ngumi, ukapima mkono. Nikakucheka: miaka yote nashona sijaona mkono ukipimwa na ngumi. "Wewe kunja tu," ukasema.

Nilikuwa nimekunja ngumi kama mtu aliyeshika usukani, mume wangu, na sikujua.

Mara moja tu, tukiwa wachanga kwenye ndoa, nilikuambia kwamba katika usichana wangu nilikuwa napanda pikipiki ya kaka yangu nikipeleka nguo kwa wateja, na kwamba nilipoiacha niliumia. Hukujibu. Nilidhani hukusikia.

Nimeshaipanda mara tatu, hadi kituo cha mafuta na kurudi. Inawaka kwa kiki ya kwanza. Mara ya kwanza nilikuwa nikikusimulia barabara nzima, shimo hili, kona ile, mpaka nilipofika na kukumbuka kwamba nyuma yangu hakuna hata pa kukaa mtu. Fundi wa viti amejitolea kukirefusha kiti. Nimekataa. Lakini ujue, wewe uliyepima kila kitu, kwamba mimi sikuwahi kutaka kupanda peke yangu.

Leo baada ya ibada nitakuja kaburini nayo. Watoto watatangulia kwa miguu. Nitakuja na chupa ya chai, na safari hii siiachi mlangoni. Nitakaa tunywe.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako na mdogo wake. Dada yako, ambaye sasa haruhusiwi kugusa kopo lolote katika nyumba hii. Na Fundi Cheche, anayeongea bado.

Hutasahaulika kwetu, Mzee Nati, siku zote tutakazojaliwa.